Jina la Mtoto na Jina la Mnunuzi: Picha za Ushahidi na Utumikishwaji wa Watoto, kutoka Nechells hadi Kolwezi

Nechells ni mtaa wa Birmingham ulio karibu na kitovu cha jiji, upande wa kaskazini-mashariki, uliokulia baina ya reli, mifereji na viwanda vya gesi. Katika karne ya 19 ulijaa nyumba za wafanyakazi, nyingi zikiwa zimeegemeana migongo, na ua mmoja ukitumiwa na familia kadhaa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Duddeston na Nechells yalihesabiwa miongoni mwa maeneo matano ambayo halmashauri ya jiji iliyabomoa na kuyajenga upya, na majengo ya ghorofa yakachukua nafasi ya nyua zile. Leo mtaa huo unakaliwa na watu wa asili nyingi, Wasomali na Waafrika wengine wakiwamo. Anayetaka kujua watoto wa nyua zile walifanya kazi gani hukutana na maandishi kabla ya kukutana na picha, na jambo hilo lina maana yake.

Mwaka 1842 Tume ya Ajira za Watoto ya Uingereza ilichapisha ripoti yake juu ya migodi ya makaa ya mawe. Ndani yake mlikuwa na michoro ya watoto wakitambaa gizani, wamefungwa minyororo viunoni, wakivuta vigari vya makaa. Bunge lilipitisha sheria mwaka uleule: wanawake wote na wavulana wasiotimiza miaka 10 wakakatazwa kufanya kazi chini ya ardhi. Ripoti ya pili, ya mwaka 1843, ilihusu viwanda na warsha, na humo daktari Richard Grainger aliandika aliyoyaona na kuyasikia katika warsha za pini na vifungo za Birmingham. Warsha hizo ndogo zilingoja hadi mwaka 1867 ndipo zikapata sheria yake. Haitakuwa haki kusema kwamba mchoro peke yake ndio ulioleta tofauti hiyo, kwani mgodi mmoja ni rahisi kuukagua kuliko vyumba elfu vya uani. Hata hivyo tofauti hiyo iliwafunza wanamageuzi kwamba kilichoonwa hutungiwa sheria upesi kuliko kilichosimuliwa.

Imani hiyo ndiyo iliyozaa upigaji picha wa ushahidi, yaani picha zinazopigwa ili kuwasilishwa mbele ya umma kama vile shahidi anavyosimamishwa mahakamani. Swali linalostahili kuulizwa, zaidi ya karne moja baadaye, ni shahidi huyo husema nini hasa. Dai la makala haya ni kwamba picha ya mtoto anayetumikishwa haipimwi kwa ukubwa wa huruma inayoiamsha. Hupimwa kwa majina inayoyabeba: jina la mtoto aliyefanya kazi, na jina la aliyenunua matunda ya kazi hiyo. Picha nyingi zilizosifiwa hubeba jina moja tu, na nyingine hazibebi hata moja.

Mpiga picha aliyekuwa jirani

Si kweli kwamba Birmingham lilikosa kamera. Mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa Uingereza wa zama zile alitoka ubavuni mwa Nechells. John Benjamin Stone, aliyezaliwa mwaka 1838 katika familia ya wafanyabiashara wa vioo, aliwakilisha kata ya Duddeston katika baraza la mji, kisha akawa mbunge wa Birmingham Mashariki kuanzia mwaka 1895 hadi 1910. Mwaka 1897 alianzisha chama cha kitaifa cha kuweka kumbukumbu za picha, na picha zake, ambazo ni maelfu kwa maelfu, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Birmingham.

Stone alitaka kukihifadhi kilichokuwa kinatoweka. Alipiga picha za makanisa ya kale, sherehe za vijijini, michezo ya jadi, na wageni waliofika Bungeni. Umaarufu wake umejengwa juu ya Uingereza ya desturi na fahari, na chama chake kiliwahimiza wapiga picha wa ridhaa kuielekeza kamera upande huohuo. Hakuna sababu ya kumshtaki kwa picha ambazo hakukusudia kuzipiga. Lakini biashara ya vioo iliyoilea familia yake ilikuwa, kote Uingereza, miongoni mwa zilizowatumia wavulana wadogo, hata sheria ya viwanda ya mwaka 1867 ikalazimika kuitaja kwa jina. Mtoto wa kiwandani hakuwa anatoweka kama ngoma ya kijijini. Alikuwepo kila asubuhi, na kwa sababu hiyo hakuonekana kuwa jambo la kuwekewa kumbukumbu. Kila hifadhi ya picha ina kimya chake, na kimya cha hifadhi kwa kawaida hulingana na maslahi ya aliyeijenga.

Daftari la mfukoni

Aliyekivunja kimya hicho upande wa pili wa bahari alikuwa mwalimu wa shule. Lewis Hine aliajiriwa na Kamati ya Kitaifa ya Ajira ya Watoto ya Marekani mwaka 1908, na kwa takriban miaka kumi alizunguka katika viwanda vya pamba, migodi, mashamba na viwanda vya vioo. Wenye viwanda hawakumtaka, naye aliingia kwa hila: mara alijifanya mkaguzi wa moto, mara muuza kadi za posta, mara muuza Biblia. Alijua kimo cha kila kifungo cha kizibao chake kutoka sakafuni, hivyo aliweza kumpima mtoto kwa kusimama karibu naye tu, kisha akaandika kwa siri katika daftari lililokuwa mfukoni.

Wahakiki wengi wameyasifu macho ya Hine: jinsi mstari wa mashine unavyorudi nyuma hadi kupotea, na jinsi mtoto anavyosimama mbele yake akiwa mdogo na wima. Sifa hizo ni za haki, lakini huiacha nusu ya kazi yake. Chini ya picha aliyoipiga Novemba 1908 huko Lancaster, Carolina Kusini, Hine aliandika kwamba msichana huyo anaitwa Sadie Pfeifer, kimo chake ni inchi 48, amekuwa kazini kwa nusu mwaka, naye ni mmoja wa watoto wengi wa kiwanda cha pamba cha Lancaster. Maelezo hayo mafupi yana jina, kipimo, muda na kiwanda. Mwenye kiwanda akikana, yuko mtoto anayeweza kuitwa. Mbunge akisema mambo hayo yametiwa chumvi, zipo inchi 48. Picha ndiyo inayomsimamisha msomaji, lakini maneno yaliyo chini yake ndiyo yanayomnyima njia ya kukimbilia.

Thamani ya jina huonekana vizuri zaidi linapopotea. Agosti 1910 Hine alimpiga picha msokotaji wa miaka 12 katika kiwanda cha North Pownal, jimbo la Vermont. Msichana huyo mwembamba, asiye na viatu, aliyeegemea mashine yake, akawa sura ya kampeni nzima, na mwaka 1998 alichapishwa kwenye stempu ya posta ya Marekani. Kwa miaka mingi jina lake lilinakiliwa vibaya kuwa Addie Laird. Ni baada ya mwaka 2000 ndipo watafiti walipothibitisha kwamba aliitwa Addie Card, kwamba aliishi hadi mwaka 1993, na kwamba ukoo wake haukujua kuwa sura ya bibi yao ilikuwa mali ya taifa. Mtoto alikwisha kufanya kazi kiwandani, kisha picha yake ikaendelea kufanya kazi kwa miongo mingi bila yeye kujua na bila jina lake kutamkwa sawasawa. Hata mpiga picha mwadilifu kuliko wote hawezi kuzuia picha yake isimtumikishe mtoto mara ya pili.

Sheria iliyofuata kampeni hiyo nayo inafundisha. Sheria ya mwaka 1916 ilikataza kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine bidhaa zilizotoka katika sehemu zilizowaajiri watoto. Ililenga bidhaa, yaani njia inayomuunganisha mtoto na mnunuzi. Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua mwaka 1918, na haikupatikana sheria ya kudumu ya taifa zima hadi mwaka 1938. Jambo ambalo picha zilikuwa zimekwisha kulifanya lionekane lilichukua miaka 20 mingine kwa sababu mzozo haukuwa tena juu ya mtoto. Ulikuwa juu ya soko.

Watoto wa Daphne na kijana wa ratili 32

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Carolina kukutana na picha za namna hii. Miaka 40 kabla ya Hine, pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kupigwa picha kwa makusudi yaleyale. Mwaka 1868 manowari ya Uingereza iitwayo Daphne, chini ya Kapteni George Sulivan, iliyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watoto waliookolewa wakapigwa picha wakiwa juu ya sitaha. Wamekaa wamekunja magoti, mbavu zinahesabika. Mwaka 1873 Sulivan alichapisha kitabu juu ya msako huo katika maji ya Zanzibar, chenye michoro iliyotokana na picha zilizopigwa melini. Mwaka huohuo Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa ya baharini.

Picha hizo zilifanya kazi yake, na hakuna haja ya kuzibeza. Lakini zikiulizwa maswali yanayojibiwa na daftari la Hine, hunyamaza. Watoto hawana majina. Hawana lugha wala kijiji. Wanatazamwa kama shehena iliyobadilisha chombo. Vivyo hivyo kwa picha nyingine mashuhuri, iliyopigwa Zanzibar takriban mwaka 1890 na mmisionari: kijana mdogo aliyefungwa mnyororo kwenye gogo, ambaye hawezi kwenda popote asipolichukua gogo hilo kichwani. Maelezo yake yanatupa uzito wa gogo, ratili 32, na yanataja kabila la bwana aliyemwadhibu. Gogo lilipimwa na mtoto hakuulizwa jina. Kwa upande wa mnunuzi picha hizo ni bubu zaidi. Zinamwonyesha bwana wa Kiarabu na nahodha wa jahazi, na ni kweli wote wawili walikuwa na hatia. Haziwaonyeshi wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliozinunua karafuu za Unguja na Pemba na pembe za ndovu zilizoshushwa pwani kwa migongo ya watu. Mtazamaji wa Uingereza aliachwa katika nafasi ya mwokozi, wala hakuonyeshwa kwamba alikuwa pia mteja.

Jina ambalo kamera ililiacha lilikuja kuokotwa na kalamu. Mwaka 1934 James Juma Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kinachosimulia watu waliotekwa bara, wakaokolewa na meli za Waingereza na kukaa Freretown, Mombasa. Baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto wa safari hiyo. Wahakiki wamekwisha kueleza jinsi kitabu hicho kinavyouona ukoloni kwa macho ya shukrani, na lawama hiyo ina msingi. Pamoja na hayo, kinafanya jambo ambalo sitaha ya Daphne haikuliweza: mtoto aliyetekwa ana jina, ana wazazi, ana njia aliyopita, na mwishowe ana mwana anayeandika. Anayeziweka picha za Daphne kando ya kitabu cha Mbotela ataona kwamba kinachotenganisha shehena na mtu mara nyingi si wingi wa mateso yanayoonyeshwa. Ni kama kuna mtu anayeweza kujibu anapoitwa.

Picha iliyobeba majina yote mawili kwa uwazi zaidi katika eneo hili ilitoka Kongo. Mei 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala, amekaa barazani, akiutazama mkono na unyayo wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Boali hakuwa mfanyakazi. Aliuawa kwa sababu ya kazi ya kulazimishwa waliyotozwa wazazi wake. Picha hiyo, pamoja na nyingine, ilirushwa ukutani kwa taa ya picha katika kumbi na makanisa ya Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 Mfalme Leopold alinyang'anywa Kongo. Huruma ilikuwa nyingi kumbini, lakini haikuwa peke yake. Waliotazama waliambiwa jina la baba, jina la mtoto, jina la kampuni na jina la mfalme. Jina moja tu halikutamkwa kwa sauti: la mnunuzi wa mwisho wa matairi ya baiskeli na magari, katika miji kama Birmingham ambayo baiskeli zilikuwa sehemu ya riziki yake.

Birmingham lajitazama, 1906 hadi 1909

Jiji hilohilo lilipewa nafasi ya kujitazama katika miaka hiyo, na namna lilivyojitazama ni somo kwa yeyote anayeandika juu ya picha na haki.

Mei 1906 gazeti la Daily News, lililomilikiwa na George Cadbury, mtengenezaji chokoleti wa Bournville, liliandaa maonyesho ya kazi za unyonyaji katika ukumbi wa Queen's Hall, London. Wafanyakazi wa majumbani waliketi mbele ya wageni wakifanya kazi zao za kila siku, na kitabu cha maonyesho kiliweka picha kando ya majedwali ya ujira na saa za kazi. Miongoni mwa kazi zilizohusishwa sana na Birmingham ilikuwa ile ya kushona kulabu na vitanzi vya nguo, vile vidogo vya waya, kwenye kadi za kuuzia dukani. Kazi hiyo ilifanyika vyumbani, katika mitaa ya maskini, na vidole vya watoto viliifanya baada ya shule na usiku. Mwaka huohuo Edward Cadbury, mwana wa George, pamoja na Cécile Matheson na George Shann, walichapisha utafiti wao juu ya kazi na ujira wa wanawake wa Birmingham, kitabu ambacho hadi leo ni chanzo kikuu juu ya maisha ya nyua zile. Hapa bei ilikuwa imewekwa kando ya sura. Mwanamke aliyeinunua kadi ya kulabu kwa senti chache aliweza kuhesabu mwenyewe ni senti ngapi zilizobaki kwa mama na watoto walioishona. Mwaka 1909 ikapatikana sheria ya mabodi ya ujira.

Wakati huohuo familia hiyohiyo ilikuwa na jambo jingine mkononi. Kiwanda cha Bournville kilinunua sehemu kubwa ya kakao yake kutoka São Tomé, kisiwa cha Wareno kilicholimwa na watu waliosafirishwa kutoka Angola kwa mikataba iliyokuwa utumwa kwa jina jingine. William Cadbury, binamu wa Edward, alipata habari hizo mwaka 1901. Henry Nevinson aliandika kitabu juu yake mwaka 1906. Joseph Burtt alitumwa na watengenezaji chokoleti kuchunguza, akarudi mwaka 1907. Ununuzi haukusimamishwa hadi mwaka 1909. Gazeti la Standard lilipoandika kwa kejeli juu ya kuchelewa huko, Cadbury walilishtaki kwa kashfa, na kesi ikasikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka huo. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa Cadbury ushindi, kisha likawapa fidia ya robo peni.

Robo peni hiyo inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ndiyo uhakiki mkali kuliko wote uliotolewa katika zama zile. Haikusema kwamba Cadbury walikuwa waongo. Walikuwa watu wa dini ya Quaker, waliochukia utumwa kwa dhati, na walioitoa fedha yao kuwafichua wanyonyaji wa watoto wa Birmingham. Ilisema tu kwamba jina la mnunuzi lilikuwa limechelewa mno kuandikwa chini ya picha. Kuchelewa huko hakukutokana na ukosefu wa huruma, kwa kuwa huruma ilikuwepo tele. Kulitokana na ugumu wa mtu mwema kukubali kwamba yumo ndani ya picha anayoitazama.

Ni lazima pia kutoa hoja ya upande wa pili. Cadbury walipoacha kununua São Tomé na kuelekea Gold Coast, wanunuzi wengine waliendelea, na watu wa mashamba yale hawakupata uhuru siku ile. Kumtaja mnunuzi hakumkomboi mtoto papo hapo, na huenda kukamwacha na njaa ikiwa mnunuzi ataondoka bila kulipa deni lake. Hoja hiyo ni nzito, nayo husikika hadi leo katika kila mjadala wa kususia bidhaa. Lakini haithibitishi kwamba jina lifichwe. Inathibitisha kwamba jina ni mwanzo wa madai, na kwamba anayetajwa adaiwe kulipa, asiruhusiwe kuhama tu.

Kolwezi: majina yaliyobadilishana nafasi

Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF, watoto milioni 138 walikuwa katika utumikishwaji mwaka 2024, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Picha zao ni nyingi kuliko zilivyopata kuwa wakati wowote. Zinazoonekana zaidi ni za Lualaba, Kongo, ambako kobalti inayoingia katika betri za simu na magari huchimbwa pia kwa mikono. Ripoti iliyotolewa na Amnesty International na Afrewatch mwaka 2016 ilieleza watoto wanaofanya kazi hadi saa 12 kwa siku kwa malipo ya dola moja au mbili.

Tangu enzi za Hine, maadili yamebadilika. Mpiga picha wa leo hatakiwi kuandika jina kamili la mtoto wala kijiji chake, na mara nyingi huficha hata uso, kwa sababu picha inayosambaa duniani kote yaweza kumrudishia mtoto madhara nyumbani. Mabadiliko haya ni ya haki, na kisa cha Addie Card ni ushahidi wake. Ila yameacha pengo. Mtoto asiye na jina wala uso, katika shimo lisilo na anwani, hugeuka haraka kuwa alama ya umaskini wa Kiafrika kwa jumla, jambo ambalo halina mshtakiwa. Anarudi kuwa mtoto wa sitaha ya Daphne.

Jambo moja huongeza pengo hilo, nalo ni la lugha. Kolwezi ni mji wa Kiswahili. Katika filamu nyingi za kobalti mtoto husema Kiswahili kwa sekunde chache, kisha sauti ya msimulizi wa Kiingereza au Kifaransa humfunika. Mkongo aliyehamia Birmingham, akiitazama filamu hiyo sebuleni, humsikia mtoto chini ya msimulizi. Mtazamaji huyo husikia utani, kiburi, hesabu ya mifuko, jina la mdogo wake. Mambo ambayo tafsiri iliyoandikwa chini ya picha imeyaacha. Yeye ni msomaji wa aina ambayo Hine hakuwa naye: anaijua lugha ya mtoto na anaishika bidhaa mkononi.

Desemba 2019 familia za Wakongo zilifungua kesi Washington dhidi ya Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla, kwa niaba ya watoto waliokufa au kujeruhiwa machimboni. Walalamikaji hawakuandikwa kwa majina yao. Walipewa majina ya kubuni ya kimahakama ili walindwe, na walioandikwa kwa majina kamili walikuwa wanunuzi. Hati hiyo ya mashtaka ni picha ya ushahidi iliyopangwa upya: uso wa mtoto umefunikwa na uso wa kampuni umefunuliwa. Machi 2024 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kununua kobalti katika mnyororo wa ugavi wa dunia nzima hakutoshi kumfanya mnunuzi mshiriki. Walalamikaji walishindwa kisheria. Lakini tangu sasa mpiga picha hawezi kudai kwamba ni lazima achague kati ya kumlinda mtoto na kusema ukweli. Kesi ile ilionyesha namna ya kufanya yote mawili.

Neno lenyewe

Kiswahili chenyewe kina jambo la kusema hapa. Maneno mawili hutumiwa kwa wingi, ajira ya watoto na utumikishwaji wa watoto, na hayalingani. La kwanza linaweza kumhusu kijana anayelipwa kwa kazi nyepesi, ambayo sheria ya Tanzania humruhusu kuanzia miaka 14. Wala si kila kazi ya mtoto ni dhuluma. Mtoto anayechota maji au kupepeta mchele nyumbani yumo katika malezi, na jamii inayosema mchelea mwana kulia hulia yeye haioni haya juu ya hilo. Neno la pili ni kali zaidi. Katika kutumikisha, kiambishi cha kusababisha kinadai awepo mtu anayemfanya mtoto atumike. Kisha kiambishi cha kutendwa huingia, ikawa utumikishwaji, na mtu huyo hutoweka. Mtoto anatumikishwa, haisemwi na nani. Sarufi humleta mkosaji na kumwondoa katika neno lilelile.

Picha nyingi za ushahidi zimeandikwa kwa kauli hiyo ya kutendwa. Huko Mererani, wavulana waliotambaa katika mashimo ya tanzanite waliitwa nyoka, na wapiga picha wengi walilipenda jina hilo kwa kuwa lilieleza kila kitu isipokuwa nani alikuwa ananunua. Kazi ya uhakiki ni kuirudisha sentensi katika kauli ya kutenda, kwa kuuliza kila picha: ni nani aliyemtumikisha, kwa ajili ya nani, na kitu hicho kiliuzwa wapi?

Nyua za Nechells hazipo tena, na watoto walioshona kulabu humo hawawezi kuulizwa majina yao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka kutoa taarifa juu ya minyororo yao ya ugavi, ingawa inaziruhusu kusema kwamba hazijachukua hatua yoyote. Taarifa hizo ziko wazi kwa umma. Anayezisoma, akaziweka kando ya picha iliyotoka Kolwezi, anakuwa anaandika yale maelezo ambayo mpiga picha aliyaacha.